Kisiwa cha Mafungu: Historia ya Mbio za Katamarani Kuizunguka Texel

Mkesha wa Krismasi mwaka 1593, meli zipatazo 150 zilikuwa zimetia nanga upande wa mashariki wa Texel, kisiwa kilichoko kwenye ncha ya kaskazini ya Holland. Nyingi zilikuwa zimeshapakia, mabaharia wako ndani, kilichobaki ni upepo tu. Upepo ukaja, lakini si ule waliouomba. Dhoruba ilikata nanga, ikazigonganisha meli zenyewe kwa zenyewe, ikazitupa kwenye mafungu ya mchanga. Takriban 40 ziliangamia, pamoja na mamia ya watu. Miongoni mwa waliopata hasara alikuwamo Roemer Visscher, mfanyabiashara wa Amsterdam aliyependa pia mashairi. Miezi mitatu baadaye mkewe alijifungua binti, na baba akampa jina la Tesselschade, yaani hasara ya Texel. Binti huyo alikua akawa mshairi na mchongaji wa maandishi kwenye glasi, akaheshimiwa na waandishi wakubwa wa zama zake. Hata hivyo, alitembea maisha yake yote na msiba wa bahari ya baba yake ndani ya jina.

Karne nne kasoro kidogo baadaye, mwaka 1978, watu walishusha vyombo vyao kwenye ufuo wa magharibi wa kisiwa kilekile na kushindana nani atakizunguka kwanza. Havikuwa meli. Vilikuwa katamarani, vyombo vyepesi vya miili miwili iliyounganishwa kwa mabomba na wavu, vyombo ambavyo watu wanne wanaweza kuviinua kutoka mchangani. Mashindano hayo, ambayo Waholanzi huyaita Ronde om Texel, yana urefu wa takriban kilomita 100, hufanyika karibu na mwezi Juni, na kwa miaka mingi yametajwa kuwa makubwa kuliko yote ya katamarani duniani. Mamia ya vyombo vimewahi kuanza pamoja.

Mafungu yaliyozizamisha meli za 1593 hayajaondoka. Yamehamahama, lakini yapo. Na kwa maoni yangu ndiyo yaliyoyapa mashindano haya uhai, kwa sababu katamarani ni chombo kilichofukuzwa mara nyingi katika mashindano ya watu wenye heshima zao, hadi kilipopata maji ambayo wengine hawayataki.

Tuanze na maji hayo. Texel ni kisiwa cha kwanza, ukitokea kusini, katika mnyororo wa visiwa vinavyofuata pwani ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Magharibi yake ni Bahari ya Kaskazini, yenye mawimbi marefu na ufuo mweupe wa vilima vya mchanga. Mashariki yake ni Waddenzee, bahari ambayo maji yakipwa hugeuka uwanda wa tope na mchanga, ndege wakashuka kula kwa maelfu na sili wakaota jua juu ya mafungu. UNESCO iliiweka Waddenzee katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Kusini, kati ya Texel na mji wa Den Helder, kuna mlango uitwao Marsdiep, wenye kina cha zaidi ya mita 40 penye shimo lake. Kaskazini, kati ya Texel na kisiwa cha Vlieland, kuna mlango mwingine, Eierlandse Gat, ambao ni wa mafungu na mawimbi yanayovunjika pasipotarajiwa.

Wakati wa meli kubwa, Texel ilikuwa chumba cha kungojea cha Amsterdam. Ghuba ya Zuiderzee, iliyoingia hadi mjini, ilikuwa na kina kifupi mno kwa meli iliyosheheni. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilikuwa ikizishusha meli zake zikiwa nyepesi hadi mbele ya kijiji cha Oudeschild, kisha shehena na mahitaji yakazifuata kwa vyombo vidogo vyenye tumbo bapa. Hapo zilikaa. Ili kutoka nje kupitia Marsdiep na kushika njia ya kusini, nahodha alihitaji upepo wa upande wa mashariki, na katika nchi hiyo upepo hupenda kuvuma kutoka kusini magharibi. Mabaharia wa Lamu na Unguja nao waliishi kwa kungoja, lakini wao walimngoja mgeni mwenye miadi: kusi na kaskazi huja kwa majira yake. Upepo wa Texel hauna kalenda. Meli ziliweza kukaa wiki kadhaa, na kisiwa kikajifunza kuishi kwa kungoja kwao. Maji ya visima vya Wezenputten yalikuwa na madini mengi ya chuma na hayakuharibika upesi ndani ya mapipa, kwa hiyo yaliuzwa kwa meli, na mapato yakaenda kwenye nyumba ya yatima ya Den Burg. Hivyo yatima wa Texel walilishwa na kiu ya mabaharia waliokuwa wakienda bandari ya Batavia huko Asia.

Biashara hiyo ilikufa taratibu. Mwaka 1824 ulifunguliwa mfereji kutoka Amsterdam moja kwa moja hadi Den Helder, na meli hazikuwa tena na sababu ya kulala mbele ya Oudeschild. Texel ikabaki na kondoo, wavuvi na waongozaji wa meli, na baadaye watalii.

Sasa tukiache kisiwa kwa muda, tumfuate huyo mfukuzwa.

Watu wa Pasifiki walikuwa wameunganisha mitumbwi miwili na kuvuka bahari kuu karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajafikiria jambo hilo. Hawai‘i, Rapa Nui na Aotearoa zilipata watu wake wa kwanza kwa vyombo vya jamaa hiyo. Ndugu zao wa lugha walielekea magharibi, wakafika Madagaska, na wataalamu wengi huona kwamba mirengu ya ngalawa ya pwani yetu ni alama iliyoachwa na safari hizo. Kwa hiyo mvuvi wa Kizimkazi anayeegemea mrengu wake ni ndugu wa mbali wa mchezo huu, hata kama ngalawa yenyewe si katamarani.

Ulaya ilichelewa sana, na ilipofika ilikuwa kwa njia ya ajabu. William Petty alikuwa tabibu, mpimaji wa ardhi ya Ireland na mmoja wa waanzilishi wa Royal Society ya London. Mwaka 1662 aliunda mjini Dublin chombo cha miili miwili. Kilishinda vyombo vingine katika mashindano ya huko, na mwaka 1663 kilishindana na boti ya barua kutoka Holyhead kurudi Dublin. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba chombo cha Petty kilifika saa kumi na moja jioni, na boti ya barua haikuonekana hadi saa mbili asubuhi ya siku ya pili. Mtu angetegemea kwamba ushindi wa namna hiyo ungenyamazisha mabishano. Badala yake Mfalme Charles II alimfanya Petty kuwa mzaha wa kasri. Chombo kikubwa zaidi kilichoitwa The Experiment kilizinduliwa mwaka 1664, kikapotea baharini katika dhoruba wakati wa kurudi kutoka Ureno, na kisa hicho kikawapa wacheshi sababu nzuri ya kuendelea kucheka. Petty hakukata tamaa: mwaka 1684, mzee sasa, alijaribu tena na kushindwa tena.

Tendo la pili ni la Marekani. Juni 1876 nchi hiyo ilikuwa ikiadhimisha miaka 100 ya uhuru, na klabu ya mashua ya New York iliandaa mashindano ya sherehe. Kijana mmoja wa Bristol, Rhode Island, Nathanael Herreshoff, alileta chombo cha urefu wa takriban mita saba na nusu kilichoitwa Amaryllis. Kilikuwa na miili miwili myembamba iliyoungwa kwa viungo vinavyocheza, ili kila mwili ufuate wimbi lake. Ndani ya kundi lile kulikuwa na mashua zilizosifika kwa mbio, zilizojaa wanaume na mifuko ya mchanga ya kuhamishwa huku na huku ili zisilale upande. Amaryllis ilizipita zote. Wenye mashua wakalalamika kwamba kitu kile hakikuwa mashua halali, na waamuzi wakawakubalia. Zawadi ikaenda kwa mwingine.

Kwangu hapa ndipo penye kiini cha mkasa wote. Herreshoff hakushindwa na bahari wala na washindani wake. Alishindwa na kamusi ya waamuzi. Alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1877, akaunda katamarani chache zaidi, kisha akageukia kazi iliyolipa. Yeye na kaka yake John, ambaye alikuwa kipofu, walianzisha kiwanda mwaka 1878, na mashua za mwili mmoja alizozibuni Nathanael zililinda Kombe la Amerika tangu 1893 hadi 1920. Mtu aliyeijua katamarani kuliko mwingine yeyote katika nchi yake alitumia umri wake kutengeneza vyombo vyenye vipande vizito vya risasi chini ya tumbo. Kombe hilohilo lilikuja kushindaniwa kwa katamarani kubwa zinazoruka juu ya maji mwaka 2013, yeye akiwa kaburini kwa miaka 75.

Tendo la tatu halina jukwaa moja. Huko Hawai‘i, mwaka 1947, Woody Brown na wenzake walizindua Manu Kai, katamarani ya ufuoni iliyotokana na mitumbwi ya Pasifiki aliyoiona Brown katika kisiwa cha Christmas wakati wa vita. Uingereza, ndugu wawili wa ukoo wa Prout, waunda mitumbwi wa Canvey Island, waliunganisha mitumbwi miwili ya kukunja na kuanza kuwashangaza watu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rodney March alibuni Tornado mwaka 1967, chombo cha urefu wa mita 6.1 na upana wa mita 3. Na California, Hobie Alter, fundi wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, alijiuliza swali ambalo wahandisi wa klabu hawakujiuliza: chombo kinawezaje kutoka ufuoni kupita mawimbi na kurudi ufuoni bila gati, bila bandari, bila winchi? Jibu lake, hasa Hobie 16 iliyotoka karibu na mwaka 1970, lilikuwa na uzito wa takriban kilo 145 na halikuwa na ubao wa kushusha majini kabisa. Miili yake ilipindwa upande mmoja ili yenyewe izuie chombo kuburuzwa pembeni na upepo. Unaweza kuipandisha mchangani kwa kasi yake yote na kuruka chini.

Mwaka 1976 una mpangilio unaonifurahisha. Tarehe 1 Mei, mtumbwi wa miili miwili Hōkūle‘a ulitoka Maui, ukafika Papeete tarehe 4 Juni, ukiongozwa na Mau Piailug wa Satawal bila dira wala chombo chochote cha kupimia. Wiki chache baadaye, huko Kingston, Kanada, Tornado ilishindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, na Waingereza Reg White na John Osborn wakachukua dhahabu. Miaka 100 kamili baada ya Amaryllis kunyang'anywa zawadi, katamarani ilirudi kwa milango miwili, wa wazee wake na wa waamuzi.

Miaka miwili baada ya hapo, Texel ilianza mbio zake.

Haikuwa ajabu kwamba zilianza huko na wakati huo. Fukwe za Uholanzi zilikuwa zimejaa vyombo vya aina ya Hobie, vimelazwa mchangani milingoti ikilia kwa upepo, wenyewe wakiwa wafanyakazi wa kawaida wasio na uwezo wa kulipia nafasi bandarini. Kuzunguka kisiwa ni mtihani wa zamani wa mashua: mwaka 1851 schooner iliyoitwa America ilikizunguka Kisiwa cha Wight na kupata kombe ambalo tangu hapo limebeba jina lake. Lakini Wight ina maji marefu pande nyingi. Texel ina mafungu, na mkuku wa mita mbili hauna la kufanya juu ya Waddenzee maji yakiwa yanapwa. Katamarani ya ufuoni inahitaji maji yanayofika magotini. Ule upungufu uliochekwa, wepesi usio na uzito wa kuushikilia chini, hapa ukawa ruhusa ya kupita.

Mbio huanzia na kuishia Paal 17. Ufuo wa Texel una nguzo zenye namba zinazohesabu kilomita kutoka kusini kwenda kaskazini, na wenyeji huelekezana kwa namba hizo. Asubuhi ya mbio ufuo hujaa vyombo bega kwa bega hadi macho hayafiki mwisho. Mabaharia wamevaa nguo za mpira kwa sababu maji ya Juni huko bado yana baridi ya kukata pumzi. Wawili kwa kila chombo: nahodha anayeshika usukani, na mwenzake anayeshughulikia matanga na kuhamisha uzito. Upepo ukiwa wa magharibi, kutoka tu ni vita. Wimbi linavunjika, mmoja anashikilia omo, mwingine anangoja mwanya, kisha wanasukuma na kurukia juu ya wavu kabla wimbi la pili halijawarudisha mchangani. Wapo ambao mbio zao huishia hapo, umbali wa mita 50 kutoka walipotia mguu majini, mlingoti umevunjika na rafiki zao wakitazama.

Tuseme wanaanza kwa kuelekea kaskazini. Ufuo uko mkono wa kuume, vilima vya mchanga vinapita haraka, na upepo wa kusini magharibi uko nyuma ya bega. Hapo hufunguliwa lile tanga kubwa jepesi la mbele, linalovimba na kuuvuta mwili wa upande wa demani chini hadi maji yanapita juu yake. Wote wawili wako nje ya chombo, nyayo ukingoni, miili imening'inia kwa kamba zilizofungwa mlingotini, wamerudi nyuma kabisa kuelekea tezi. Sababu ya kurudi nyuma ni hofu iliyo ya kweli: mwili wa demani ukichoma wimbi kwa omo, chombo husimama ghafla, tezi huruka juu, na watu hutupwa mbele ya mlingoti. Katamarani haina kuonya. Mashua ya mkuku huinama polepole kama mzee anayekubali hoja. Katamarani hukaa wima, inakimbia, inakimbia, kisha imepinduka.

Kwenye ncha ya kaskazini umesimama mnara mwekundu wa taa wa Eierland, uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1864. Mnara huo una ukuta juu ya ukuta. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1945 wanajeshi wa Georgia waliokuwa wametumikishwa katika jeshi la Ujerumani waliasi kisiwani, na mapigano yakaendelea hadi tarehe 20 Mei, siku 12 baada ya vita vya Ulaya kwisha kwingineko. Waasi walijificha mnarani, Wajerumani wakaupiga mizinga, na baada ya vita ukajengewa gamba jipya nje ya lile lililotoboka. Washindani huutumia kama alama ya kugeukia. Sidhani wengi hupata nafasi ya kuwaza juu ya Wageorgia, kwa sababu hapohapo ndipo Eierlandse Gat inapofungua kinywa.

Kujua mlango huu ni kujua maji yanavyotembea. Kwenye pwani hii maji ya kujaa hutoka kusini na kupanda kaskazini. Huingia kwanza Marsdiep, kisha baadaye ndiyo hufika Eierlandse Gat, kwa hiyo kisiwa hujazwa kwa milango miwili kwa nyakati mbili tofauti. Nyuma ya kisiwa mikondo hiyo hukutana, ikapooza, ikaangusha tope lake, na hapo ndipo penye kina kifupi kuliko kwingine. Kupitia Marsdiep peke yake huingia takriban mita za ujazo bilioni 1 za maji kila yanapojaa. Mshindani anayezunguka kisiwa atakutana na mkondo unaomsaidia na mkondo unaompinga katika safari moja. Hawezi kuukwepa wa pili; anachoweza ni kuchagua aukute wapi, na kwa muda gani. Mwenye akili hushika kando ya fungu mkondo unapompinga, kwa sababu maji ya pembeni huenda polepole, na hukaa katikati ya mkondo unapombeba. Mvuvi yeyote wa Mafia au Pate hufanya hivyo bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu anayepima muda.

Ukishaingia Waddenzee, kelele hupungua. Maji huwa tambarare, rangi yake ya tope, na chini yake mchanga unaweza kuonekana. Ndipo sehemu ya ujasiri wa kimyakimya: kukata njia ya mkato juu ya fungu au kuzunguka kwa kufuata maboya. Anayekata na kufika huokoa dakika nyingi. Anayekata na kukosea husikia mbao zake za kuzuia upande zikigonga chini, kisha usukani, kisha hukaa. Amepweleka. Wawili hushuka, maji yakiwa chini ya magoti, wanasukuma chombo huku wenzao waliozunguka wakiwapita kwa mbali. Nahodha wa 1593 angetoa nusu ya shehena yake apate meli inayoweza kusukumwa namna hiyo.

Kisha Oudeschild, pale meli zilipongoja, ambapo leo kuna bandari ya wavuvi na ya mashua za starehe. Kisha kona ya kusini mashariki na Marsdiep yenyewe, feri zikipita kati ya Den Helder na kisiwani kwa safari za dakika 20. Kampuni ya feri, TESO, ilianzishwa na wenyeji mwaka 1907 baada ya kuchoshwa na huduma waliyokuwa wakipewa, na hadi leo hisa zake ziko mikononi mwa watu wengi wa kisiwa. Tangu 1998 feri hiyo imebeba chini ya tumbo lake vyombo vya taasisi ya utafiti wa bahari ya NIOZ, vinavyopima mkondo kila inapovuka. Mlango ambao mabaharia wa zamani waliujua kwa kupoteza wenzao sasa umeandikwa kwa takwimu za kila siku.

Baada ya Marsdiep unabaki upande wa magharibi, na mara nyingi ndio unaovunja watu. Wamechoka, mikono imekakamaa kwa baridi na kamba, na bahari iliyokuwa nyuma yao asubuhi huwajia ubavuni au usoni wanapotoka mlangoni kuelekea magharibi. Kati ya kisiwa na fungu kubwa la Noorderhaaks, ambalo mabaharia huliita bonge lenye ghadhabu, mawimbi hutoka pande mbili. Upepo ukiwapinga hulazimika kubisha, kwenda joshi kwa vipande vya kushoto na kulia. Kugeuka ni udhaifu wa kale wa katamarani: ni pana, ni nyepesi, haina nguvu ya kujipitisha kwenye jicho la upepo. Asiyejua hukwama hapo, tanga linapigapiga, chombo kinarudi nyuma. Upepo ukiwa mzuri, walio mbele humaliza kwa muda wa takriban saa 3. Wengine hutumia muda maradufu, na wengine huletwa na boti za uokoaji za KNRM, shirika la watu wanaojitolea ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1824.

Je, nani ameshinda? Swali hili nalo lina historia, na linamrudisha Herreshoff. Kama vyombo vyote ni sawa, wa kwanza kufika ndiye mshindi. Lakini Texel ilipokea kila aina: Tornado pana, Hobie ya baba na mtoto, vyombo vilivyoundwa gereji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mholanzi Nico Boon alitunga hesabu inayochukua urefu wa chombo, eneo la matanga na uzito wake pamoja na watu, ikatoa namba moja. Muda uliotumika hugawanywa kwa namba hiyo na kuzidishwa kwa 100. Chombo chenye namba 115 kikitumia saa 4 kamili, huandikiwa saa 3, dakika 28 na sekunde 42. Chombo cha haraka chenye namba 100 kikifika mapema zaidi, kwa saa 3 na dakika 40, kimeshindwa. Hesabu hiyo iliitwa Texel Rating, na ilienea katika vilabu vya katamarani mbali na kisiwa chenyewe.

Kwa waunda vyombo, hesabu hiyo ilikuwa kishawishi. Kila kanuni huzaa mtu anayetafuta tundu lake, na kulikuwa na waliorefusha hiki na kupunguza kile ili namba ipande mwendo usishuke. Huko Ufaransa, miaka ya 1990, lilizaliwa daraja la Formula 18, lililoweka mipaka ya urefu, upana, matanga na uzito wa chini wa kilo 180, halafu likamwachia kila kiwanda abuni chake ndani ya mipaka hiyo. Daraja hilo likawa uti wa mgongo wa Texel, na washindani wake walifurahia kuweza kutazama mbele na kujua mara moja nani anaongoza. Bado lipo jedwali la wale wengine, na bado wapo wanaokaa ufuoni jioni wakingoja kalamu ya mwamuzi iwaambie kama baba na mtoto wamewapita mabingwa.

Olimpiki yenyewe haikuwa rafiki wa kudumu. Tornado ilitolewa baada ya Michezo ya 2008, London ya 2012 haikuwa na katamarani hata moja, na mwaka 2016 ikaingia Nacra 17, ya mwanamke na mwanamume pamoja. Miaka hiyo yote mbio za Texel hazikumngoja mtu wa kamati.

Njia ya mbio hizo ndiyo isiyokaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 fungu lililoitwa Onrust lilisogea hadi likaungana na ncha ya kusini ya Texel, likawa uwanda wa mchanga wa De Hors. Noorderhaaks inafuata njia hiyohiyo, ikisukumwa na mawimbi na mikondo kuelekea kisiwani, na mkondo wa Molengat unaotenganisha viwili hivyo umezidi kuwa mfupi wa kina. Siku fungu litakapogusa nchi, njia ya ndani itakuwa imefungwa hata kwa chombo kinachoelea magotini, na washindani watalazimika kulizunguka fungu lote kwa nje, kilomita za ziada ndani ya bahari wazi kabla ya kuiona Paal 17.